Kikumbo cha Kichwani Ni Rafu

Leo nazungumzia hoki ya barafuni, na hasa jambo moja ambalo mashabiki wake wamelibishania miaka nenda miaka rudi. Beki anapompiga mpinzani kikumbo kizito katikati ya uwanja, mbali kabisa na ukuta, na yule aliyepigwa akabaki kalala kwenye barafu, je, hicho ni kikumbo halali au ni rafu?

Kwa wasioujua mchezo, timu huwa na watu 6 uwanjani, kipa akiwemo. Wanavaa viatu vyenye makali chini, na kwa magongo yao wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Katika ligi ya NHL ya Marekani na Kanada, uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na umezungushiwa ukuta. Kikumbo kinaruhusiwa. Unaweza kumkumba mwenye kisahani kwa bega au kwa nyonga ili umpokonye. Huruhusiwi kuinua kiwiko, huruhusiwi kuruka ili umfikie, na huruhusiwi kumkumba asiye na kisahani. Karibu na ukuta, mchezaji mzoefu hujua kwamba atakumbwa, hivyo hujiandaa. Katikati ya uwanja mambo ni mengine: watu wawili wanakuja kwa kasi, uso kwa uso, na mara nyingi mmoja wao ameinamia kisahani.

Tarehe 26 Mei 2000, mjini Philadelphia, Flyers na New Jersey Devils walikuwa wanacheza mechi ya 7 na ya mwisho ya nusu fainali. Eric Lindros wa Flyers, jitu la zaidi ya kilo 100, aliingia eneo la Devils akikata kuelekea katikati, macho yakiwa kwenye kisahani. Nahodha wa Devils, Scott Stevens, alikuwa anamsubiri. Bega lake likatua kwenye taya la Lindros. Lindros, ambaye tayari alikuwa ameumia kwa mitikisiko ya ubongo msimu ule ule, akaanguka kama mzigo. Refa hakutoa adhabu. Devils walishinda 2 kwa 1, wakaenda kutwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, na Stevens akachaguliwa mchezaji bora wa mechi za mtoano. Lindros hakucheza msimu mzima uliofuata.

Miaka mitatu baadaye, Juni 2003, Stevens huyo huyo alimkumba Paul Kariya, nahodha wa Anaheim, katika mechi ya 6 ya fainali. Kariya alikuwa ameshatoa pasi, anaisindikiza kwa macho. Alilala pale kimya, mpaka pumzi yake ilipoonekana ikitia ukungu kioo cha kofia. Ajabu ni kwamba alirudi uwanjani akafunga bao mechi ile ile, na umati ukashangilia ushujaa. Leo tunajua kwamba mtu aliyepoteza fahamu hapaswi kurudi uwanjani siku hiyo. Mwaka 2011 Kariya alistaafu kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo. Kwa kikumbo kile pia, hakuna aliyeadhibiwa.

Watetezi wa vikumbo hivi wana hoja, nami naiheshimu. Wanasema Stevens hakuinua kiwiko, hakuruka, alitumia bega, na kanuni za wakati ule hazikumkataza. Wanasema kila mtoto wa hoki hufundishwa kuinua kichwa anapokatiza katikati, na mwenye macho haambiwi tazama. Aliyeinama amejitakia.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Tuutumie msemo huo huo, lakini tuuelekeze unakostahili kuelekezwa. Katika vikumbo vile viwili, mwenye macho alikuwa nani? Lindros alikuwa anatazama kisahani. Kariya alikuwa anatazama pasi yake. Aliyekuwa anaona kila kitu, mwili ulipo, kichwa kilipo na mwendo wa mpinzani, ni mpigaji. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kuchagua: apige kifua au apige taya, ashuke au abaki wima, akumbe au achukue kisahani. Anayeona ndiye anayebeba wajibu. Kuzembea kwa mpinzani kunampa mpigaji haki ya kumpokonya kisahani, hata kumwangusha. Hakumpi haki ya kichwa chake.

Ligi yenyewe imekiri jambo hili, ingawa kwa shingo upande. Machi 2010, Matt Cooke wa Pittsburgh alimpiga kichwani Marc Savard wa Boston, akimtokea upande asiouona. Cooke hakuadhibiwa, kwa maelezo kwamba hakukuwa na kanuni aliyoivunja. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwezi ule ule NHL ikatunga kanuni mpya ya kuzuia mapigo ya kichwani, inayojulikana leo kama kanuni ya 48. Savard alirudi kwa muda mfupi tu. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa Januari 2011.

Lakini kanuni hiyo ina mianya. Ili kikumbo kihesabiwe rafu, lazima kichwa kiwe ndicho kilichopigwa zaidi, na tena ionekane kwamba kukipiga kulikuwa kunaepukika. Mwamuzi huulizwa pia kama mpigwaji alijiweka mwenyewe hatarini. Kwa hiyo kila msimu tunarudi kwenye ubishi ule ule, picha zikirudishwa nyuma polepole, tukipima kama bega lilianza kugusa kifua au kidevu, huku mtu anashikwa mkono kutolewa nje.

Wapo wanaosema ukikaza sheria utaua mchezo. Waangalie raga, mchezo ambao msikilizaji wa Nairobi anaujua vizuri. Tangu 2017 raga imekaza adhabu kwa anayemkaba mpinzani kichwani. Oktoba 2023, katika fainali ya Kombe la Dunia nchini Ufaransa, nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alipewa kadi nyekundu kwa kumkaba mpinzani juu mno. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba Cane alikusudia kuumiza. Kichwa kiligongwa, kadi ikatoka, Afrika Kusini wakashinda 12 kwa 11. Raga haikufa. Wachezaji wanajifunza kuinama wanapokaba.

Nami sitaki kikumbo kiondolewe. Beki anayerudi nyuma kwa utulivu, akasoma njia ya mshambuliaji, kisha akamtia nyonga wakati ule ule kisahani kinapomfikia, ameonyesha ufundi wa hali ya juu. Mshambuliaji huanguka, huinuka, mchezo huendelea. Nataka ufundi huo ulindwe, na njia ya kuulinda ni kuutenganisha na pigo la kichwa.

Jambo hili ni zito zaidi kwa watoto. Mwaka 2010, watafiti wakiongozwa na Carolyn Emery wa Chuo Kikuu cha Calgary walilinganisha wachezaji wa miaka 11 na 12 wa jimbo la Alberta, Kanada, ambako vikumbo viliruhusiwa, na wenzao wa Quebec, ambako havikuruhusiwa. Hatari ya mtikisiko wa ubongo Alberta ilikuwa zaidi ya mara tatu. Mwaka 2013 shirikisho la hoki la Kanada likaviondoa vikumbo kwa umri huo nchi nzima.

Kwetu pia kuna wanaohusika. Vijana wa Ice Lions wa Nairobi walijifunzia mchezo huu katika uwanja mdogo wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na mwaka 2018 walialikwa Toronto wakacheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Crosby mwenyewe, aliyekuwa nyota namba moja wa ligi, alipigwa kichwani Januari 2011 akapoteza nusu ya msimu na zaidi.

Kwa hiyo jibu langu, msikilizaji, ni hili. Kikumbo kinachopita kwenye mwili wa mwenye kisahani ni halali, hata kikitingisha uwanja mzima. Kikumbo kinachotua kichwani ni rafu, awe mpigwaji ameinama au amesimama, awe mpigaji amekusudia au hakukusudia. NHL iondoe masharti yale ya kanuni ya 48, refa apewe kazi ya kutazama kitu kimoja tu, na anayepiga kichwa atoke nje. Na makocha, mnaowaambia vijana wainue vichwa vyao, mnasema vyema. Waambieni pia washushe mabega yao.