Nani Alipiga Gitaa la Pili? Tuzo za Muziki na Daftari la Majina Ukambani



Nimeombwa nizungumzie tuzo za kitaifa za muziki, na kwa nini nchi yenye muziki mwingi kama yetu haijajenga tuzo moja ya kudumu, ambayo kila mkulima wa Kitui au Makueni ataitambua kuwa yake. Niseme msimamo wangu mapema. Tuzo huanzia kwenye daftari, muda mrefu kabla jukwaa halijapambwa. Nchi isiyoandika nani alitunga wimbo, nani aliupiga na ulipendwa wapi, siku ya sherehe itamtuza yule anayejulikana tayari jijini.

Tuangalie mbali kidogo. Mwaka 1983 kampuni kubwa za santuri za Australia ziliunda chama chao, ARIA. Mwaka huohuo chama hicho kilianza kutoa orodha ya santuri zinazouzwa zaidi, kwa kutegemea hesabu za mtafiti David Kent, ambaye alikuwa amezikusanya tangu miaka ya 1970. Tuzo zenyewe zilifuata Machi 1987, katika hoteli moja mjini Sydney, Elton John akiwa mshereheshaji. Whispering Jack ya John Farnham ikawa albamu ya mwaka. Televisheni haikuzionyesha hadi 1992. Angalieni mpangilio huo: kwanza hesabu, kisha kikombe, kamera mwisho kabisa. Huku kwetu tumezoea kuanza na kamera.

Lakini nisiwasifu kupita kiasi. Mwaka 2008 mwanamuziki Geoffrey Gurrumul Yunupingu, kipofu tangu kuzaliwa, mwenyeji wa Elcho Island huko kaskazini, alitoa albamu aliyoimba kwa lugha za watu wake, Wayolngu. Ilishinda tuzo mbili za ARIA, na mojawapo ilikuwa ya muziki wa dunia, yaani kapu linalowekewa muziki unaohesabiwa kuwa wa kwingine. Mtu ambaye ukoo wake umeishi katika ardhi ile kwa maelfu ya miaka alituzwa nyumbani kwake kwenye kundi moja na wageni. Alifariki Julai 2017. Mwaka uliofuata albamu yake Djarimirri ikapanda hadi nambari moja katika orodha ya mauzo, ya kwanza ya lugha ya wenyeji kufika hapo, na ARIA ikampa tuzo ya msanii bora wa kiume. Miaka kumi ilipita kati ya kuwekwa pembeni na kuketishwa katikati, na alipoketishwa alikuwa ameshazikwa. Najiuliza ni wangapi wetu watasubiri hivyo.

Australia hiyohiyo ina mfano mwingine unaonigusa zaidi. Tamworth ni mji wa wafugaji na wakulima huko New South Wales, mbali na Sydney. Tangu Januari 1973 hutolewa huko tuzo za muziki wa kantri, gitaa dogo la dhahabu, na hazijahamishwa. Anayezitaka huenda Tamworth. Wazo la kwamba tuzo yenye heshima lazima itolewe katika jiji kuu si sheria ya maumbile, na mji wa Wote au wa Kitui si pembezoni kwa mtu anayetoka Nzaui au Ikutha.

Afrika Mashariki hatukukaa bure. Tuzo za Kisima zilianza Kenya mwaka 1994, zikanyamaza, zikafufuliwa 2003. Tanzania walikuwa na tuzo za Kilimanjaro tangu 1999, zikasimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa na kubeba jina la bia. Zilikwama baada ya 2015, na mwaka 2022 Baraza likazirudisha zikiitwa Tuzo za Muziki Tanzania. Simlaumu mfadhili yeyote. Mfadhili hununua matangazo, na yakikosa faida huondoka. Kinachouma ni kwamba akiondoka, mara nyingi huondoka na kila kitu, kwa sababu chini ya jukwaa hapakuwa na chochote kilichoandikwa ambacho mwingine angekiokota na kuendelea nacho.

Sasa turudi nyumbani, ambako nataka kukaa.

Benga, muziki wa magitaa, ilizaliwa kwa Wajaluo, lakini ilipofika Ukambani ilipata makao yake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 majina matatu yalitawala: Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, na Onesmus Musyoki na Kalambya Boys. Kalambya Boys ndio waliowapigia Kalambya Sisters, wale kina dada ambao wimbo wao Katelina ulitikisa nchi nzima katika miaka ya 1980, wapenzi na wakosoaji wakiusikiliza kwa pamoja. Kakai aliimba pia kwa Kiswahili, akavuka mipaka ya Ukambani, na alipofariki mwaka 1987 aliombolezwa na watu ambao hawakujua neno moja la Kikamba.

Chukueni wimbo mmoja wa enzi hizo muusikilize kwa utulivu. Gitaa la kwanza linashika nyuzi za chini, linatembea. Besi inajibizana na ngoma. Halafu huko juu kuna gitaa la pili, jembamba, lenye kasi, linalodondoa noti mojamoja na kujaza kila upenyo ulioachwa na wenzake, bila kuchoka, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hulisikii upesi kwa sababu halipigi kelele. Ukilitoa, wimbo unabaki mifupa. Kwangu mimi gitaa hilo ndilo sahihi ya Ukambani katika benga. Mjaluo ana ufundi wake na Mkikuyu ana wake, lakini mzunguko ule wa juu, mpole na wa haraka kwa wakati mmoja, ukiusikia ndani ya matatu Emali unajua uko kwa nani.

Sasa shikeni santuri yenyewe, ile ndogo ya mizunguko 45. Katikati kuna karatasi ya duara. Kumeandikwa jina la wimbo, jina la bendi, mtunzi, na nambari ya kampuni. Basi. Aliyepiga gitaa la pili hayupo. Mpiga besi hayupo. Kaseti zikaja, kisha sidii, na siku hizi wimbo unarushwa kwenye simu ukiwa na jina la msanii mmoja na picha yake. Karatasi imebadilika mara tatu na bado haina nafasi ya mtu huyo.

Hili si suala la hisia pekee. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji na mpigaji ala, siyo mtunzi tu. Watunzi wana chama chao, MCSK, tangu 1983, na wapigaji ala na waimbaji wana PRISK. Redio ikipiga wimbo, kuna haki ya malipo kwa waliosikika ndani yake. Lakini haki hiyo humfikia anayeweza kuonyesha kwamba alikuwepo studio siku ile. Mzee aliyepiga gitaa mwaka 1978 atathibitisha hilo kwa kitu gani? Wenzake wengi wamekufa. Hakuna karatasi.

Mtaniambia tuna Tamasha la Muziki la Kenya, na ni kweli. Lilianza 1927, ndilo shindano la muziki lenye umri mkubwa kuliko yote nchini, na kila mwaka watoto wetu hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, eneo, kisha taifa. Nalipenda kwa dhati. Nani kati yetu hajasubiri nje ya ukumbi, miguu ina vumbi na njuga, huku jaji akitoa maelezo marefu kabla ya kusoma alama? Ni mojawapo ya mahali pachache nchini ambapo mshindwa huelezwa kwa nini ameshindwa. Tuzo nyingi kubwa hazina adabu hiyo.

Hata hivyo angalieni kikombe kinachorudi shuleni. Kimeandikwa jina la shule. Mwalimu aliyefundisha atasifiwa kwenye paredi. Lakini ngoma ya kilumi haikutungwa na mwalimu. Ilitoka kwa akina mama wazee, wenye ngoma hiyo tangu zamani, waliyoicheza kuomba mvua na kutibu wagonjwa. Mwalimu alikwenda kijijini, akaketi na bibi fulani, akafundishwa mapigo na mahali pa kuvuta pumzi. Bibi huyo ndiye mtunzaji wa kile kilichoshinda, na jina lake halimo kwenye cheti. Kuliongeza kungegharimu mstari mmoja wa wino. Naomba waandalizi walifikirie jambo hili mwaka huu, siyo mwaka kesho.

Kisha kuna suala la majaji. Kikamba ni lugha ya toni: sauti ikipanda au kushuka, maana huhama. Mtunzi mzuri hucheza na jambo hilo, na anayesikia Kikamba kwa mbali hatambui kilichofanyika. Wazee wetu walikuwa na myali, nyimbo za kukosoa, ambamo mkosaji angeweza kuimbwa kwa mafumbo mbele ya watu wote na wageni wasijue kwamba kuna mtu anapigwa. Ufundi huo haukufa. Umo katika benga ya leo, kwa Ken wa Maria, kwa Kativui, kwa Katombi, kwa Maima, kila mmoja kwa namna yake. Jopo la majaji wa Nairobi lisilo na hata mmoja anayesikia lugha litahukumu mdundo, mavazi na video, halafu litaupeleka wimbo kwenye kapu liitwalo "asilia". Mwanamuziki wa Kitui anayepiga gitaa la umeme, anayerekodi kwa kompyuta na kujaza kumbi kila Ijumaa ni msanii wa kisasa kama mwingine yeyote.

Wapo wanaohofia kwamba kuzipa lugha zetu nafasi katika tuzo kutaleta ukabila. Naiheshimu hofu hiyo kwa sababu tumeona damu. Lakini ukabila hulelewa na mtu anayehisi amenyimwa. Wimbo uletwe na maneno yake yameandikwa na tafsiri ya Kiswahili kando, msikilizaji mmoja wa lugha hiyo awe joponi, halafu ushindane na nyimbo zote kwa tuzo ileile ya wimbo wa mwaka. Mjaluo atajifunza kitu kuhusu Mkamba, na Mkamba kuhusu Mpokomo.

Nani aanze? Sijaja kuwaomba msubiri Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma, maktaba na makumbusho. Kitui ina wadi 40, Makueni ina 30. Daftari moja kwa kila wadi ni madaftari 70. Kijana mmoja aliyemaliza chuo, mwenye simu ya kurekodi, akae na wapigaji waliostaafu mmoja baada ya mwingine: jina, bendi, ala, nyimbo walizorekodi, studio gani, nani alikuwa upande wa kulia na nani kushoto. Redio zetu zitangaze kwamba kazi hii inafanyika. Musyi na Mbaitu husikika kila nyumba, na Mang'elete kule Nthongoni, iliyoanzishwa na vikundi vya akina mama, imeonyesha tangu 2004 kwamba jamii inaweza kumiliki sauti yake. Rekodi zihifadhiwe maktaba ya kaunti, na nakala iletwe hapa chuoni ambako mwanafunzi wa muziki ataitumia kuandika tasnifu.

Baada ya hapo ndipo kaunti hizi mbili ziandae tuzo kwa zamu, mwaka huu Kitui, mwaka ujao Wote. Kundi la kwanza kabisa litakalotangazwa liwe la wapiga ala. Mwimbaji atanisamehe kwa kumweka mbele mwenzake jioni moja, kwani yeye jina lake limetajwa miaka yote.

Idara yetu haijasubiri bajeti. Pale mlangoni kuna meza, na wanafunzi wawili wamekaa na madaftari. Baba zetu mliowahi kupiga katika bendi yoyote, hata kwa msimu mmoja, hata kama bendi ilivunjika kabla ya kurekodi, pitieni hapo kabla ya chai. Mama zetu wa kilumi pia. Ukikumbuka jina la mwenzako aliyefariki, liseme, na useme alipiga nini.