Umri wa Mshitakiwa na Haki ya Marehemu



Mwezi Septemba mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa hadi kufa kwa kosa la kumwua mvulana wa miaka 14 wa wilaya ya Bukombe, wilaya ambayo siku zile ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga na ambayo sasa imo katika mkoa wa Geita. Mvulana yule hakuwa na ugomvi na mtu. Alizaliwa na ualbino, na wapo walioamini kwamba viungo vya mwili wake vingeleta mali. Hukumu ile ilikuwa ya kwanza tangu wimbi la mauaji hayo lilipoanza kuitikisa Kanda ya Ziwa, na wananchi waliokuwa wakiuliza kama serikali ina masikio waliipokea kama jibu.

Miaka imepita, na swali jingine limebaki bila kujibiwa. Ni swali la mzee. Mshitakiwa anapokuwa na mvi, mgongo umepinda, anaingia kizimbani akishikwa mkono na askari, na kosa lake ni kushiriki katika kumwua binadamu kwa sababu ya rangi ya ngozi, je, umri wake uhesabiwe namna gani? Wapo wanaosema ahurumiwe. Wapo wanaosema damu haina umri. Hoja zote mbili husemwa kwa haraka, na zote mbili hulikwepa jambo lenyewe.

Kabla ya kulitazama jambo hilo, hapana budi kuondoa kisingizio kimoja. Husemwa kwamba mauaji haya hayahusu rangi, kwa kuwa muuaji na aliyeuawa ni wa kabila moja, pengine wa ukoo mmoja. Kisingizio hicho ni dhaifu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi na inaitaja rangi kwa jina lake. Mtu anayewindwa kwa ajili ya ngozi aliyozaliwa nayo anabaguliwa kwa rangi, hata kama anayemwinda anazungumza naye Kisukuma kimoja na alikula naye ugali jana. Machi 2015 Mahakama Kuu, Kanda ya Mwanza, iliwahukumu kifo watu wanne kwa mauaji ya mwanamke wa Geita aliyeuawa mwaka 2008. Mmoja wao alikuwa mume wa marehemu.

Sasa turudi kwa mzee. Mwendo wa uhalifu huu unajulikana kwa kila mtumishi aliyewahi kufanya kazi katika ukanda wa dhahabu. Mwenye duara pale Nyarugusu au Rwamgasa amechimba miezi sita. Amekopa mafuta ya mashine, amekopa chakula cha wachimbaji, na jiwe halitoi kitu. Jirani yake wa duara la pili amepata. Mtaalamu wa madini angemweleza kwamba mkanda wa dhahabu hupita unakopita na haujali nani kachimba wapi. Lakini mtaalamu yuko mbali na mganga yuko karibu. Basi anakwenda kupigiwa ramli, na huko anatajiwa kinachotakiwa. Baada ya hapo hutafutwa vijana wa kulipwa. Wavuvi wa ziwani nao wamepitia njia hiyo hiyo, wakitafuta nywele za kufunga katika nyavu.

Katika mwendo huo mwenye duara ametoa fedha na vijana wametoa nguvu za mikono. Mpiga ramli je, ametoa nini? Ametoa umri wake. Katika vijiji vya Usukuma neno la mfumu mzee huaminiwa kwa sababu ya uzee wake. Amezika wengi, amerithi kazi kwa baba na babu, ameona njaa na neema. Kijana wa miaka 25 akisema kwamba mfupa wa binadamu utaita dhahabu, atachekwa au atapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Mzee wa miaka 70 akisema hivyo, mtu anakwenda kukopa fedha. Kwa hiyo wakili anaposimama na kuiomba mahakama iutazame umri wa mteja wake, ombi hilo ni halali kabisa, na mahakama inapaswa kulitazama hasa, tena kwa pande zote mbili. Umri uliotumika kama chombo cha uhalifu hauwezi kugeuzwa siku ya hukumu ukawa ngao ya mhalifu.

Lakini si kila mzee aliyepata kufikishwa mahakamani katika kesi hizi alikuwa mpiga ramli. Yupo bibi aliyewapikia chakula wageni wa mwanawe bila kujua wametumwa nini, kisha akanyamaza alipojua. Yupo mzee aliyeona damu katika baiskeli ya mjukuu wake akaiosha. Hao wana makosa, ila uzito wa makosa yao haulingani na wa yule aliyetaja kiungo na bei yake. Kwao uzee unaweza kweli kuwa unyonge: hofu ya kufukuzwa, kumtegemea mtoto kwa kila tonge. Hakimu mwenye busara huyatenga makundi hayo. Taabu ni kwamba katika kosa la kuua kwa kukusudia sheria haimpi jaji nafasi ya kuyatenga.

Jambo hili halifahamiki vya kutosha, hata kwa watu waliosoma. Chini ya kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia ana adhabu moja tu, nayo ni kifo. Na chini ya kifungu cha 22, aliyeshawishi au kusaidia huhesabiwa kama aliyetenda. Sheria imemwondoa katika adhabu ya kifo mtoto wa chini ya miaka 18, imemwondoa na mama mjamzito. Mzee haikumtaja. Kwa hiyo maombi ya kupunguziwa adhabu katika kesi ya namna hiyo ni desturi tu. Jaji husikiliza habari za miaka, maradhi na wajukuu, kisha hutamka neno lile lile ambalo angelitamka kama asingesikiliza kitu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ililigusa jambo hilo tarehe 28 Novemba 2019. Iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inayomnyima jaji uwezo wa kupima inavunja haki ya kuishi, ikaiagiza Tanzania ikiondoe kifungu hicho katika sheria zake.

Wapo watakaosema: mwacheni jaji bila uhuru huo, maana akipewa atawaonea huruma wauaji wa albino. Hofu hiyo inaeleweka. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa watu zaidi ya 70 wenye ualbino wameuawa Tanzania tangu mwaka 2000, na walimu wa Buhangija, hapa Shinyanga, wamewalea watoto waliokimbizwa kutoka makwao kwa sababu ya hatari hiyo. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja aliporwa kutoka mikononi mwa mama yake wilayani Chato. Mei 2024 mtoto wa miaka miwili alichukuliwa nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeomba mambo hayo yahukumiwe kwa wepesi.

Hata hivyo uhuru wa kupima hauzai wepesi peke yake. Mfano upo Marekani. Mwaka 1964 vijana watatu waliokuwa wakipigania haki za watu weusi, mmoja mweusi na wawili weupe, waliuawa katika jimbo la Mississippi na watu wa Ku Klux Klan. Edgar Ray Killen, mhubiri aliyeupanga uovu huo, aliishi huru kwa miaka 41. Mwaka 2005, akiwa na miaka 80, akiwa katika kiti cha magurudumu, alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kosa hilo lilimpa jaji nafasi ya kuchagua. Jaji alimpa miaka 20 kwa kila marehemu, zitumikiwe moja baada ya nyingine, jumla miaka 60, akieleza kwamba maisha yaliyopotea ni matatu na yote yanastahili heshima iliyo sawa. Killen alifia gerezani Januari 2018 akiwa na miaka 92. Jaji yule aliuona uzee, akaupima, akaona haupunguzi kitu. Familia za marehemu zilisikia sababu zikitolewa mbele ya watu. Adhabu ya lazima haina haja ya kutoa sababu kwa mtu yeyote.

Shinyanga nayo ina kumbukumbu yake inayofaa kuangaliwa na kila anayedai hukumu za haraka. Katikati ya miaka ya 1970 mikoa ya Shinyanga na Mwanza ilikumbwa na mauaji ya wazee, wengi wao vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Serikali ilianzisha operesheni mwaka 1976. Watu wengi walikamatwa, wakateswa ili waseme, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vitendo hivyo ingawa hakuvifanya yeye, na baadaye maofisa kadhaa walishitakiwa na kuhukumiwa. Yaani wazee walindwe, na katika kuwalinda wengine wakateswa. Machi 2015, polisi walipotangaza kuwakamata waganga zaidi ya 200, waliokuwa na umri wa kuyakumbuka ya 1976 walikuwa na haki ya kuuliza ni ushahidi wa namna gani utakaopelekwa mahakamani. Maana mpiga ramli haandiki hati. Anasema maneno machache, wakati mwingine kwa mafumbo, na shahidi wake pekee ni mteja wake, ambaye naye ni mshitakiwa.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi. Tanzania haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Anayehukumiwa kifo leo anapelekwa gerezani, pengine Butimba, na huko anangoja. Aliyeingia na miaka 30 anatimiza 40, kisha 50. Kwa mwendo huo kila aliyehukumiwa kwa mauaji haya, hata yule kijana aliyeshika panga, atakuwa mfungwa mzee siku moja, na swali la mzee litaulizwa juu yake pia. Hapo ndipo huruma ina mahali pake pa halali. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe na wa kubadilisha adhabu. Tarehe 9 Desemba 2017, Dodoma, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, akiwamo mzee wa miaka 85.

Hukumu ipime kosa na nafasi ya mtu katika kosa hilo. Msamaha upime mwili uliochoka na miaka iliyokwisha kutumikiwa. Mambo hayo mawili yakichanganywa siku moja katika chumba kimoja, mjane au mama wa marehemu anaondoka akiamini kwamba mvi za muuaji zimeuzidi uzito uhai wa mtoto wake. Yakitenganishwa, anaweza angalau kufahamu nini kimeamuliwa na kwa nini. Kwa hiyo mabadiliko yanayotakiwa katika kifungu cha 197 si ya kuwafungulia mlango wazee wa ramli. Ni ya kumpa jaji uwezo wa kusema, kwa sababu zilizoandikwa, kwamba huyu aliyetuma atakaa gerezani maisha yake yote yaliyobaki, na yule aliyeosha baiskeli atakaa miaka kadhaa.

Watumishi na walimu wanaingia wapi? Wanaingia mahali padogo ambapo wengi hawajapafikiria. Misamaha inayotangazwa katika sikukuu za kitaifa imekuwa mara kwa mara ikiwataja wafungwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Lakini wazee wengi wa Usukuma hawana cheti cha kuzaliwa. Umri wao hukisiwa kwa njaa fulani, kwa kuhamia vijijini, kwa mwaka wa Uhuru. Karatasi inayomfanya mfungwa awe na miaka 68 au 71 huandikwa na ofisa mtendaji wa kijiji, au hutolewa katika daftari la zamani la shule ya msingi linalotunzwa na mwalimu mkuu. Ndugu za mfungwa wataleta kuku, wataleta maneno, watakumbusha undugu. Mwandishi wa barua ile anapaswa kwenda kulitazama daftari lenyewe, aandike mwaka anaoukuta humo, atie sahihi na tarehe. Kisha amtafute, katika kijiji hicho hicho au cha jirani, mzazi wa aliyeuawa, amweleze kwamba barua imeombwa na imejibiwa namna gani, kabla hajasikia kwa watu sokoni.