Gombo Lililotupwa Motoni

Somo: Yeremia 36:20–32

Somo la leo latupeleka katika nyumba ya mfalme Yehoyakimu, wakati wa baridi. Makaa yanawaka mbele yake, na gombo la maneno ya Yeremia linasomwa. Kila zikiisha kusomwa kurasa chache, mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Ndipo Mungu akamwamuru Yeremia atwae gombo jingine. Baruku mwandishi akaketi tena na wino wake, akaandika yote upya, na mengi yakaongezwa.

Tumelikumbuka somo hili kwa sababu ya moto mwingine, uliowaka Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, tarehe 30 Juni 1922.

Nchi ile ilitawaliwa na Uingereza kwa karne nyingi. Jumatatu ya Pasaka mwaka 1916 kundi dogo la watu lilishika majengo ya Dublin na kutangaza jamhuri. Jumamosi wakasalimu amri, na viongozi wao wakapigwa risasi. Vita vya uhuru vikafuata, kisha mkataba wa mwaka 1921, na mkataba huo ukawatenganisha waliokuwa bega kwa bega vitani. Walioupinga wakajifungia katika jengo la mahakama liitwalo Four Courts. Serikali mpya ikalipiga kwa mizinga, na siku ya tatu ukatokea mlipuko mkubwa. Katika uwanja huo huo ndimo zilimowekwa nyaraka za taifa, kumbukumbu za karne saba. Vipande vya karatasi zilizoungua vilianguka juu ya mji kama majivu ya shamba lililochomwa.

Tufikiri kidogo juu ya vitabu vya kanisa vilivyokuwamo. Sheria ya miaka ya 1870 ilitaka rejista za zamani za ubatizo, ndoa na mazishi za kanisa la Kianglikana la huko zipelekwe Dublin, zikae salama. Parokia zipatazo 1,000 zilikuwa zimepeleka zao. Karibu zote ziliteketea. Lakini kasisi aliyekuwa na mahali pazuri pa kutunzia aliruhusiwa kubaki na vitabu vyake, na wengine walivinakili kwanza kwa mkono kabla ya kuvituma. Kwa hiyo kilichobaki katika sanduku la chuma la kanisa la kijijini kilipona, na kilichopelekwa penye kuta nene na walinzi kikaungua. Nani angalidhani? Tunamwona kasisi yule akinakili jioni, taa inafuka moshi, mkono umechoka, naye pengine anajiuliza kama kazi hii ina faida yo yote.

Katika jengo lile, mizinga ikilia, walikuwamo pia mapadre wawili wa shirika la Wakapuchini, Albert na Dominic, waliokaa na wapiganaji kwa ajili ya huduma ya roho. Si watu wa madhehebu yetu, lakini habari zao zatufaa. Nyumba yao ilikuwa karibu, katika Church Street, na mwaka 1916 ndugu wa nyumba hiyo waliingia gereza la Kilmainham kusali na waliohukumiwa kufa. Barua, maandishi na picha zinazohusu siku hizo zimetunzwa na shirika lao huko Dublin hata leo.

Miongoni mwa wafungwa hao alikuwamo Con Colbert, karani wa kampuni ya mikate, mwenye miaka 27. Usiku wa mwisho aliandika barua kadhaa kwa jamaa na rafiki. Dada yake alimweleza kwamba hakumwita gerezani kwa kuwa aliona kuonana kungewaumiza wote wawili. Alfajiri ya tarehe 8 Mei akapigwa risasi. Hatusemi haya ili kusifu bunduki. Wengi wa waliokufa katika juma lile la Pasaka walikuwa raia wasio na silaha. Twasema tu kwamba katika barua ya namna hiyo twamkuta ndugu anayemhurumia dada yake, na jambo hilo halionekani katika sanamu iliyosimamishwa mjini.

Picha nazo zina mambo yake. Iko moja ya kusalimu amri kwa Patrick Pearse mbele ya jemadari wa Kiingereza. Nyuma ya Pearse amesimama muuguzi Elizabeth O'Farrell, aliyetangulia kupita penye risasi akiwa na bendera nyeupe, kisha akapeleka amri ya kuacha vita kwa vikosi vingine. Amefichwa na mwili wa Pearse; huonekani ila upindo wa vazi lake na viatu. Katika nakala fulani zilizochapishwa baadaye, hata viatu hivyo vilifutwa! Kama picha ya kwanza isingalitunzwa, nani angaliuliza miguu ile ilikuwa ya nani?

Mwezi wa Juni 2022, miaka 100 baada ya moto, wataalamu wa Dublin walifungua hazina mpya inayosomwa kwa kompyuta. Walikuwa wametafuta katika maktaba za nchi nyingi nakala za yale yaliyoungua: hapa barua, pale orodha, kwingine daftari la mtu aliyewahi kunakili kurasa chache kwa haja zake mwenyewe. Si yote yaliyopatikana.

Ndugu wazee wa kanisa na akina mama wa chama, juma hili fungueni kabati la ofisini mtazame rejista ya kwanza ya ubatizo. Mchwa hawangoji kikao.

Na usiku huu, kabla ya kulala, someni Yeremia sura ya 45. Ina mistari mitano tu, nayo yote ni neno la Bwana kwa Baruku, yule mwandishi.