Pumziko katika Siku za Noeli



Sisi wa Ikolo twajua ya kuwa Noeli hutufikia pamoja na mvua, mpunga ukitaka kupandwa, wageni wakitaka kupokewa, na watoto wakingoja madaftari ya Januari. Basi moyo huchoka. Sisi makatekista tumepata kukesha na waimbaji, kisha tukarudi nyumbani na kuwakemea wake zetu; asubuhi tukasimama kuhubiri amani ambayo nyumbani mwetu haikuwamo.

Kwa hiyo twawasihi mambo machache. Kwanza, tengeni fedha ya mbegu na ya madaftari. Sikukuu itumie kilichosalia. Pili, gawanyeni kazi, hata mama wa nyumba naye apate kuketi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpunga wataka mikono. Tatu, laleni mapema, ndani ya chandarua. Nne, kila jioni mtu atulie kitambo, asali bila haraka.

Hata Bwana wetu, watu walipozidi kumsonga, aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike (Marko 6:31). Nasi tusione haya. Aliyepumzika humpokea mgeni kwa uso mkunjufu.