Nyuso Kumi za Kilwa



Nimeomba mhadhara huu ufanyike huku Msimbazi, Kariakoo, badala ya kule chuoni Mlimani kwa sababu deni langu liko huku. Nikiwa sijajua kusoma sawasawa, nilikuwa nikisimama nyuma ya muuza magazeti nikiwafuata Lodi Lofa na Ndumilakuwili katika jarida la katuni la Sani, namwomba Mungu mwenye gazeti afungue ukurasa upesi. Kalamu ya mchoraji wao, Philip Ndunguru, ndiyo iliyonivuta hadi kwenye herufi. Baadaye, nilipokuwa msomi, nikafundishwa kuzionea haya katuni.

Sasa niwape kisa. Nilipeleka simu kwa fundi Mtaa wa Aggrey. Pembeni alikaa kijana amezama kwenye gemu, Civilization VI, na chini ya kidole chake nikaona msikiti unainuka ufukweni. Kilwa Kisiwani! Gemu hiyo iliiweka Kilwa miongoni mwa majengo yake ya maajabu mwaka 2018. Ila kijana alikuwa akicheza upande wa Ujerumani. Nikamwuliza, Wajerumani na Kilwa wapi na wapi? "Mzee, mwenye pwani yeyote anajenga."

Nilicheka, kisha nikavuta kigoda. Ukiikamilisha Kilwa hiyo hupewi jeshi. Unapewa wajumbe watatu wa kuwatuma kwenye miji mingine, na urafiki na miji hiyo ndio unaokuongezea pato. Waliobuni kanuni hiyo walikuwa wameelewa jambo. Kilwa iliishi kwa kujuana: dhahabu ya bara ilishuka Sofala, ikapanda na vyombo hadi kisiwani, na sarafu ya shaba ya Kilwa imeokotwa hadi Zimbabwe Kuu. Fedha zenyewe zilikuwa na mbwembwe zake: upande mmoja sifa za Mungu, upande wa pili jina la sultani, na maneno ya pande hizo mbili yanaoana kwa vina. Mji wenye fedha za vina! Kosa la gemu ni upepo. Humo vyombo vinasafiri siku yoyote mchezaji anayotaka, kana kwamba hakuna kaskazi wala kusi. Nahodha wa jahazi akiiona ataomba arudishiwe nauli.

Lakini leo sikuja kwa ajili ya gemu. Nimekuja kwa ajili ya katuni, kwa sababu imeniumbua.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule wa jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane juu ya genge la bahari. Kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ijumaa moja, anasimulia Ibn Battuta, sultani anatoka kuswali, fakiri wa Yemeni akamsimamisha njiani akitaka nguo alizovaa. Akakubali. Fakiri akataka azipate saa ileile. Akakubali tena, akarudi akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akamwita aje azichukue. Fakiri akazifunga, akajitwika kichwani, huyo akaenda. Watu wakamsifu sana sultani. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia sifa zilivyoenea, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nimekifundisha kisa hiki miaka mingi kama kisa cha ukarimu, na darasa hucheka pale kwenye kifurushi. Kisha mwanafunzi wangu mmoja, mchoraji, akaamua kukitia kwenye katuni. Vile visanduku vya kwanza alivimaliza kwa siku mbili. Halafu akaja ofisini, amesimama mlangoni na karatasi. "Profesa, hawa watumwa kumi nao niwachoreje?"

Nilinyamaza. Katika maandishi "watumwa kumi" ni maneno mawili, mdomo unapita. Kwenye gemu watu ni tarakimu pembeni mwa kioo. Mchoraji hana pa kupitia. Lazima kumi wawe na nyuso, mmoja mrefu, mwingine ana kovu, wasimame mahali na watazame upande fulani. Na ile mizigo miwili ya pembe haikutembea yenyewe. Ninyi wa Kariakoo mngeuliza hilo mapema kuliko mimi. Jina la mtaa huu limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, watu waliobeba vita kichwani na ambao wengi wao majina yao hatunayo.

Tulianza upya, tukayarudia yaliyochimbuliwa Kilwa. Humo mmejaa vigae vilivyochongwa duara, vina tundu katikati, vya kusokotea nyuzi za pamba. Nilivipita mara ngapi makumbusho! Basi pamba ilisokotwa palepale, na mtu wa kawaida tunaweza kumvalisha kitambaa cha mji wake mwenyewe. Rangi tumeiacha wazi; karatasi nyeupe pia ni jibu.

Mchoraji amekwisha kuchora nyuso saba. Ya nane, ya mwanamke, ameifuta mara nne. Kurasa zimebandikwa ukutani pale mlangoni, mzitazame mkitoka. Na kama humu yumo fundi cherehani, au kuli wa sokoni, anayejua shuka ya pamba inavyokaa begani mwa mtu aliyejitwika mzigo, mchoraji wangu yuko kiti cha nyuma kabisa, ana penseli.