Kito Kinachobadili Rangi: Kijue Kabla ya Kukiuza

(Mazungumzo na wachimbaji wadogo na wakazi wa Taita Taveta)



Leo nataka tuzungumze juu ya jiwe moja ambalo wengi wenu mmelishika mkononi na kuliuza kwa bei ya chini kwa sababu mchana halivutii. Ni garneti inayobadili rangi. Kwenye mwanga wa jua huonekana ya kijani kilichofifia, au kijani chenye ubluu. Usiku, mbele ya mshumaa au koroboi, hugeuka nyekundu au zambarau. Mawe ya aina hii yanajulikana sana kutoka Bonde la Umba, ng'ambo ya mpaka wetu na Tanzania, na hupatikana upande wetu pia.

Huu si uchawi. Ndani ya jiwe mna chembechembe za madini ya vanadiamu au kromiamu. Hizo huzuia mwanga wa manjano, na kupitisha kijani na nyekundu. Jua lina kijani na bluu ya kutosha, kwa hiyo jiwe huonekana kijani. Moto wa mshumaa una wekundu mwingi, nalo jiwe hufuata.

Basi, kabla ya kuuza, fanyeni mambo manne.

Kwanza, litazameni jiwe mara mbili: mchana kivulini, kisha usiku kwa mshumaa. Msitegemee taa za kisasa za LED, kwani nyingi hazitoi mwanga kama wa moto. Mnunuzi anayekuharakisha uuze saa sita mchana huenda ameshalitazama kwa tochi yake.

Pili, lipimwe. Kuna vioo na mawe ya kiwandani yanayobadili rangi vilevile, na macho peke yake hayatoshi. Kituo cha Vito cha Voi kilijengwa kwa ajili ya kazi za namna hii: kupima, kukata na kuuza. Na wewe unayenunua jiwe lililokwisha kukatwa, dai cheti cha maabara kabla ya kutoa pesa.

Tatu, jueni vipimo. Gramu 1 ni karati 5. Jiwe ghafi huuzwa kwa gramu, lililokatwa kwa karati. Tuseme mtu akuambie "shilingi elfu mbili." Muulize: kwa gramu au kwa karati? Kwa jiwe la gramu 3, jibu moja ni shilingi 6,000 na jingine ni 30,000. Lakini kumbukeni pia kwamba jiwe likikatwa mara nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Kwa hiyo msilinganishe bei ya ghafi na ya jiwe lililokatwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Nne, fuateni sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa nafasi ya kupata kibali. Anayefanya biashara ya madini lazima awe na leseni. Mwombe akuonyeshe, na umdai risiti.

Msione risiti kuwa karatasi tu. Sheria hiyo inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya pale madini yanapochimbwa. Jiwe linaloondoka mfukoni mwa mtu bila kuandikwa popote halilipiwi mrabaha. Fungu la kijiji chako limeondoka nalo, na pesa ambazo zingesaidia shule au zahanati hazitarudi.

Ardhi ilichukua mamilioni ya miaka kulitengeneza jiwe hilo. Usiku mmoja wa kulitazama kwa mshumaa si muda mrefu wa kusubiri.

Sasa nakaribisha maswali yenu.