Buibui Awindaye Mbu



Mama wa nyumbani aonapo buibui ukutani, mara hushika ufagio. Lakini kando ya Ziwa Victoria, katika Kenya na Uganda, yuko buibui mmoja ambaye yafaa kumtazama kwanza kabla ya kumpiga. Urefu wake wapata nusu sentimita, na akiwa mzima uso wake ni mwekundu. Hategi windo lake kwa utando. Ana macho 8, na mawili ya mbele ni makubwa. Huliona windo kwa mbali, hulinyemelea kama paka, kisha hulirukia. Mwaka 2003 wataalamu walimpa jina la Evarcha culicivora, maana yake mla mbu.

Katika kituo cha uchunguzi wa wadudu kilichoko Mbita, nchini Kenya, Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walitaka kujua ni chakula gani akipendacho zaidi. Waliweka mbele yake mbu waliokufa, wasiotikisika hata kidogo. Buibui aliwachagua mbu majike walioshiba damu, akawaacha wengine. Kisha alipelekewa harufu tu, pasipo kuona kitu. Hapo pia aliifuata harufu ya mbu mwenye damu. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2005. Buibui huyo hawezi kunyonya damu ya mtu. Huipata katika tumbo la mbu.

Tena watoto wake wadogo humtambua Anofelesi, mbu aenezaye malaria, kwa jinsi atuavyo akiwa ameinua tumbo juu. Humzunguka, wakamjia kwa nyuma. Na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba harufu ya soksi iliyovaliwa humvuta buibui huyo kuliko ya soksi safi. Maana walipo watu, ndipo walipo mbu walioshiba.

Je, buibui huyu ataweza kuondoa malaria? La, sivyo. Mtu asiache kulala ndani ya chandarua kwa kumtumaini, na mwenye homa aende hospitali akapimwe damu upesi. Lakini adui wa mbu si wa kuuawa bure. Akionekana ukutani yule mdogo mwenye uso mwekundu, ufagio na umpite, naye aendelee na kazi yake.